"Kompyuta haijamuona ng'ombe wangu": jibu kwa katibu wa ushirika wa wafugaji wa Wete, Pemba

Marahaba mwanangu, na salamu kwa wanachama wote huko Wete. Barua yako nimeisoma pamoja na zile kurasa ulizozipiga picha. Kwa faida ya wasomaji wengine, kisa chenyewe ni hiki. Ushirika wenu una ng'ombe 46, 38 wa kienyeji na wanane chotara. Wengi hufungwa kamba mabondeni mpunga ukishavunwa, wachache wanakatiwa majani bandani. Alikuja mshauri wa mradi, akakaa nanyi asubuhi moja, akauliza mna ng'ombe wangapi, akaenda zake. Baadaye ikaja ripoti kwamba "modeli ya kompyuta" imeonesha kila kilo ya maziwa yenu inabeba gesi joto sawa na kilo 7.5 za kaboni dioksidi, wakati nchi zilizoendelea ni kati ya kilo 1 na 2. Mradi unataka mpunguze kwa asilimia 20, ndipo fedha za awamu ya pili zitoke. Mzee mmoja akasimama mkutanoni akasema kompyuta haijamuona ng'ombe wake. Nawe unauliza mambo matatu: nambari hiyo ni ya kweli? Mnaweza kuipiga hesabu hiyo wenyewe? Na mbuzi wa wanachama wa upande wa Micheweni, nao waingizwe?

Nianze na mzee, maana maneno yake yana uzito kuliko ripoti. Hiyo 7.5 naijua ilikotoka. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilitoa ripoti mwaka 2010 kuhusu gesi joto za sekta ya maziwa duniani. Wastani wa dunia ulikuwa kilo 2.4 kwa kila kilo ya maziwa, nchi za viwanda kati ya 1 na 2, na Afrika kusini mwa Sahara karibu 7.5. Nambari mlizopewa, ya kwenu na ya wenzenu, ndizo hizo hizo. Kwa hiyo siamini kwamba kuna modeli yoyote iliyoendeshwa kwa ajili ya Wete. Umechukuliwa wastani wa bara zima, ndani yake mna wafugaji wa kuhamahama wa Sahel na wenye mashamba makubwa ya Kenya, ukaandikwa jina la ushirika wenu juu yake. Ni sawa na fundi anayekushonea kanzu kwa kipimo cha wastani cha mtaa mzima, kisha akulaumu kwamba mabega yako hayakukaa sawa.

Lakini usikimbilie kushangilia. Nambari isiyo yenu inaweza bado kuwa karibu na yenu. Ili ujue, inabidi ufungue modeli uone ndani mna nini, na ndani hamna uchawi wowote.

Modeli haina pua. Hainusi banda wala haipimi pumzi za ng'ombe. Vipo vyumba maalumu vya kupimia, kwa mfano vya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, pale Nairobi, ambako ng'ombe anafungiwa na hewa yote inayomtoka inapimwa. Vyumba hivyo ni vichache na ni ghali mno. Sisi wengine tunakadiria kutokana na anachokula. Majani yanapochachuka ndani ya tumbo kubwa la mnyama anayecheua, vijidudu vya humo vinatengeneza methani, mojawapo ya gesi joto hizo, na sehemu kubwa ya methani hiyo inatoka mdomoni anapopiga mbweu. (Wanaofanya mzaha kwamba inatoka nyuma wamekosea upande.) Anayekula zaidi hutoa zaidi, na majani magumu yaliyokomaa humtoza methani nyingi kwa kila tone la maziwa kuliko majani laini.

Tupige hesabu moja kwa mkono. Chukua jike wa kienyeji mwenye kilo 240. Kwa siku anakula majani ambayo yakikaushwa kabisa yanakuwa kama asilimia 2.5 ya uzito wake, yaani kilo 6. Kilo moja ya majani makavu ina nishati ya megajuli 18.45, kwa hiyo kilo 6 ni megajuli 110.7. Asilimia 6.5 ya nishati hiyo inapotea kama methani, yaani megajuli 7.2. Kilo ya methani ina megajuli 55.65. Gawanya, upate gramu 129 kwa siku, au kilo 47 kwa mwaka. Hizo nambari tatu za kudumu, 18.45, 6.5 na 55.65, zimo katika mwongozo wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, wa mwaka 2006, juzuu la nne, sura ya kumi, na mwongozo huo unapatikana bure. Huo huo unampa asiye na data yoyote kilo 46 kwa kila ng'ombe wa maziwa wa Afrika. Umeona tulivyokaribiana? Basi hapo ndipo modeli kubwa zote zinapoanzia, hata ile ya FAO iitwayo GLEAM. Wao wanaongeza mambo mengine juu yake, lakini moyo wa hesabu ni huo.

Sasa geuza methani iwe kaboni dioksidi. Kwa joto inaloleta katika miaka 100, kilo moja ya methani huhesabiwa kama kilo 27 hivi za kaboni dioksidi. Ripoti za zamani hutumia 25, nyingine 28, na ukikuta nambari mbili zinapishana kidogo mara nyingi ndiyo sababu. Kilo 47 mara 27 ni karibu kilo 1,270 kwa mwaka kwa ng'ombe mmoja, kabla hujagusa kinyesi.

Hadi hapo hakuna ugomvi. Ugomvi unaanza unapogawanya kwa maziwa. Tuseme jike huyo anakamwa lita mbili kwa siku kwa siku 200, yaani lita 400 kila anapozaa. Akizaa kila baada ya miaka miwili, na huko kwenu wapo wengi wa namna hiyo, lita hizo 400 zinabeba gesi ya miaka miwili nzima, kilo 2,540. Gawanya: karibu kilo 6.4 kwa lita. Ongeza ndama anayekula bila kutoa kitu, dume, mtamba anayesubiri, na yule aliyekufa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe, kabla hajakamwa hata siku moja, na 7.5 haiko mbali tena. Kwa hiyo mzee ana haki kwamba kompyuta haikumuona ng'ombe wake. Ila ikimuona, huenda isimpe sifa anazozitarajia.

Mweke chotara pembeni yake. Ana kilo 380, anakula asilimia 3 ya uzito wake, methani yake kwa hesabu ile ile ni kilo 90 kwa mwaka, karibu mara mbili ya mwenzake. Lakini anatoa lita nane kwa siku kwa siku 280 na anazaa kila miezi 14. Ukigawanya unapata kilo 1.3 kwa lita, tayari yumo ndani ya ule ukanda wa nchi za viwanda. Mnyama mmoja, ukimtazama kwa kichwa ni mchafuzi zaidi, ukimtazama kwa lita ni msafi mara tano. Anayechagua kigawanyo ndiye anayechagua mshindi, na modeli haitakwambia kwamba imechagua. Ukiletewa chotara kumi wapya na mkawabakisha 38 wa kienyeji kama walivyo, ripoti itashangilia kwamba kilo kwa lita zimeshuka, na hewani gesi itakuwa imezidi.

Kuna dhuluma nyingine ndogo humo, na ningependa muidai. Ng'ombe wa Pemba hafugwi kwa maziwa peke yake. Huvuta gari na jembe, samadi yake inakwenda mihogoni na migombani, na mtoto akifaulu au mtu akiugua anauzwa. Wengine ndio hao wanaochezwa mchezo wa ng'ombe, ingawa huo siwezi kukuambia utauingiza safu gani. Modeli inayotwika gesi yote juu ya maziwa inamhukumu maksai wa gari kama kwamba ni jike mvivu. Modeli nzuri ina sehemu ya kugawa mzigo huo kati ya maziwa, nyama, kazi na samadi. Muulize mshauri aliigawa vipi. Akikosa jibu, hakuigawa.

Lakini lililonitia hofu zaidi katika ripoti yenu ni jambo ambalo halikuandikwa. IPCC ina ngazi tatu za hesabu. Ya kwanza unahesabu vichwa tu, kila kichwa kinazidishwa kwa nambari ya kudumu, kama ile 46. Ya pili unaingiza uzito, malisho na maziwa, kama tulivyofanya sasa hivi. Ya tatu ni ya vipimo vya kwenu wenyewe na modeli za kina, hiyo tuwaachie watafiti. Mwongozo wenyewe unasema ngazi ya kwanza inaweza kukosea kwa asilimia 30 hadi 50, na ya pili kwa kama 20.

Nyinyi mmewekwa kwenye ngazi ya kwanza, au hata chini yake. Tazama maana yake. Mkipanda majani ya tembo, mkawapa majani ya mti wa lukina, mkaogesha kupe, ng'ombe wakanawiri, nambari ya kila kichwa itabaki 46. Haisogei, kwa sababu katika hesabu hiyo hakuna mahali pa kuandika majani. Kwa kipimo cha namna hiyo njia pekee ya kupunguza gesi ya kundi kwa asilimia 20 ni kuuza ng'ombe tisa. Sidhani kama mradi ulikusudia hivyo, ila ndicho mtakachotia saini. Na hata ngazi ya pili ina makosa ya asilimia 20, sawa na lengo lenyewe! Kinachowaokoa ni kwamba ukilinganisha kundi lile lile kwa modeli ile ile, mwaka huu na mwaka wa tatu, makosa mengi yanakuwa upande mmoja mara zote mbili, na tofauti inabaki ya kuaminika kuliko kila nambari ikisimama peke yake. Kwa hiyo modeli itumieni kulinganisha Wete na Wete. Wete na Denmark waachieni wanaotafuta vichwa vya habari.

Swali la pili, kama mnaweza wenyewe: mnaweza, na anayestahili ni wewe unayeshika daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, na gesi ni vivyo hivyo. Mambo manne ndiyo yanayoiendesha hesabu: uzito, chakula, maziwa na tarehe za kuzaa.

Uzito hauhitaji mizani ya ng'ombe. Upo utepe wa kupima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, umeandikwa kilo. Pimeni asubuhi kabla hajala wala kunywa, na mpimaji awe mtu mmoja siku zote, kwani mikono miwili inakaza utepe namna mbili. Maziwa yanajulikana, ila hakikisheni mnaandika na yale ya nyumbani na ya ndama, maana nimeona madaftari mengi yanayoandika yaliyouzwa tu, na hapo ng'ombe anaonekana mbaya kuliko alivyo.

Chakula ndicho chenye kazi, na ndicho kinachopotosha modeli kuliko kitu kingine. Mtu atakwambia "ninampa mzigo mmoja kwa siku." Pima mzigo huo: kilo 30, umejaa umande. Majani ya tembo machanga ni maji kwa kama asilimia 80, kwa hiyo mzigo wa kilo 30 ni kilo 6 tu za chakula. Mzigo huo huo wakati wa kaskazi, majani yamekomaa na kukauka nusu, unaweza kuwa na kilo 10, lakini kilo 10 za vijiti ambazo tumbo linahangaika nazo. Ukiandika "mzigo mmoja" pande zote mbili, umeidanganya modeli mara mbili. Fanyeni hivi: katakateni majani, pimeni kilo moja kamili kwa mizani ya dukani, yaanikeni juu ya bati kwenye jua, mkiyageuza, siku mbili tatu mpaka uzito usipungue tena. Yakibaki gramu 220, basi asilimia 22 ndiyo kikavu, ukitoa kidogo kwa unyevu ambao jua haliuondoi. Rudieni masika, kipupwe na kaskazi. Kwa wale wanaofungwa kamba hakuna mzigo wa kupima, na hapo mtarudi kwenye asilimia 2.5 ya uzito. Andikeni wazi kwamba hapo mmekisia. Mabaki yaliyokataliwa nayo yapimwe. Ng'ombe hatoi gesi kwa majani aliyoyakanyaga.

Programu gani? Kwa kundi la ng'ombe 46 ningeanza na laha ya Excel, safu kumi hivi, ili kila mwanachama aone nambari yake inatoka wapi. Baada ya hapo, FAO wameweka GLEAM-i mtandaoni, ni bure, nayo inaongeza kinyesi, malisho na hesabu ya kundi zima: wangapi wanazaliwa, wangapi wanakufa, wangapi wanauzwa. Ipo pia iitwayo CLEANED, iliyotengenezwa na ILRI na wenzao kwa ajili ya wafugaji wadogo wa Afrika Mashariki. Hiyo mimi naipenda zaidi kwa hali yenu, kwa sababu pamoja na gesi inaangalia ardhi, maji na rutuba ya udongo, na inakubali kwamba mtu ana ng'ombe wawili na si mia mbili.

Na hapo kwenye rutuba na maji ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ripoti yenu haina hata mstari mmoja juu yake, na kwa watu wa visiwani mimi naliona ni kubwa kuliko gesi. Methani ya Wete inachanganyika na ya dunia nzima. Kisima cha Wete ni chenu peke yenu.

Ng'ombe wa kilo 240, kwa viwango vya IPCC kwa Afrika, anatoa kama kilo 50 za nitrojeni kwa mwaka katika kinyesi na mkojo. Mfuko wa mbolea ya yurea wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni. Kila ng'ombe basi anawapa mifuko miwili, na kundi lenu lote kama mifuko mia moja kila mwaka, bila kulipa nauli ya boti. Karibu nusu imo kwenye mkojo, na mkojo hakuna anayeuzoa. Sehemu inapotea hewani kama amonia, harufu ile inayokuchoma macho ukiingia banda lililofungwa. Inayobaki inageuka nitrati, na nitrati inayeyuka ndani ya maji na kwenda yanakokwenda.

Yanakwenda wapi? Hapo Wete na Micheweni ni nchi mbili. Upande wenu kuna vilima na udongo wa kina. Mvua ya masika inateremka, inasomba samadi iliyorundikwa mlangoni, inaingia bondeni kwenye mpunga, na inayopita inafika mikokoni. Modeli za maji kama SWAT, iliyoanzia Marekani, zinaijua safari hiyo. Unaipa mteremko, aina ya udongo na mvua ya kila siku, ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa inayo kutoka uwanja wa ndege wa Pemba, nayo inakadiria kiasi kitakachoshuka. Na mpunga wenyewe unakula sehemu ya nitrojeni ile, kwa hiyo ng'ombe aliyefungwa bondeni baada ya mavuno anairudishia shamba chakula chake.

Upande wa Micheweni, kule maweni, ni mambo mengine. Pale udongo ni wa kiganja kimoja, chini yake jiwe la matumbawe lililojaa matundu na nyufa. Maji hayateremki juu ya ardhi, yanazama papo hapo, na mkojo wa ng'ombe pamoja nayo, bila udongo wa kuchuja wala mizizi ya kutosha ya kunywa. Modeli iliyotungwa kwa mabonde yenye udongo inadhani maji yanapita polepole. Kwenye jiwe lenye matundu yanaweza kufika kisimani baada ya mvua moja. Ukiiendesha pale bila kuirekebisha itakupa jibu la kutuliza moyo, na litakuwa jibu la uongo. Kwa hiyo kwa wanachama wa maweni sitaki modeli kwanza, nataka chupa ya maji. Chukueni sampuli ya kila kisima kilicho karibu na mabanda, moja mwisho wa kaskazi na moja katikati ya masika, mpeleke kwa watu wa ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar, au Maabara ya Mkemia Mkuu wakapime nitrati. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na wanaodhurika kwanza ni watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo. Nambari ikipanda sana masika, mtajua njia ipo. Inaweza kuwa ya banda, inaweza kuwa ya choo cha shimo, nitrati haisemi imetoka kwa nani. Hata hivyo banda la kwenye jiwe liwekwe sakafu ya saruji, mfereji wa mkojo, na ndoo.

Nataja na samadi kidogo, maana mshauri amependekeza "mfumo wa kisasa" wa kuosha banda kwa maji na kukusanya uji wa kinyesi shimoni. Kwa joto letu pendekezo hilo ni baya. Mwongozo wa IPCC unasema kinyesi kikavu kilichorundikwa, katika nchi ya joto, kinageuza kama asilimia 5 ya uwezo wake kuwa methani, na kilichoachwa malishoni asilimia 2. Uji wa kinyesi unaokaa wazi ndani ya shimo unakaribia asilimia 80. Mtakuwa mmechimba kiwanda cha methani kwa fedha za kuipunguza. Kama shimo, basi liwe la baiogesi lililofunikwa na lisilovuja, na faida yake kubwa iko jikoni, kwa kuni na makaa yasiyokatwa. Vinginevyo koleo, tandiko la majani makavu, na paa dogo juu ya rundo ili mvua isiliguse.

Yapo ambayo nitayapita haraka. Ile nambari ya lita 15,000 za maji kwa kilo ya nyama ya ng'ombe, ambayo mwanachama mmoja ameinukuu, ni wastani wa dunia, na sehemu yake kubwa sana ni mvua iliyonyesha juu ya majani, ambayo ingenyesha vilevile hata kama ng'ombe asingekuwapo. Isiwanyime usingizi. Kuku wa mayai ni hesabu nyingine kabisa. Hawacheui, mzigo wao mkubwa uko kwenye chakula cha mahindi na soya kinachovuka bahari, na anayetaka kuwahesabu afuate meli hadi shambani kulikolimwa.

Mbuzi wa Micheweni waingizeni, kwa uaminifu tu. Mwongozo unampa mbuzi kilo 5 za methani kwa mwaka, kwa hiyo tisa hivi ndio wanafikia ng'ombe mmoja. Gesi yao haitabadilisha ripoti. Jambo la kuwaangalia mbuzi ni msitu wa maweni, wanavyotafuna machipukizi ya miti iliyokatwa kwa makaa, na hilo hakuna laha itakayolionesha kama mtu hakwenda kutembea na kuhesabu machipukizi. Tengeni vipande vidogo viwili, kimoja kizungushiwe uzio, na mlinganishe baada ya mwaka.

Turudi kwenye asilimia 20, kwa kuwa najua mkutano wenu wa kutia saini unakaribia. Angalia tena jike wetu wa kienyeji anayezaa kila miezi 24, kilo 6.4 kwa lita. Mfanye azae kila miezi 19, usimbadilishe kitu kingine chochote, si mbegu, si lita. Gesi ya miezi 19 ni kilo 2,010, gawanya kwa lita 400, unapata 5. Tayari mmepunguza asilimia 20 na ushei, na hamjauza ng'ombe wala kununua. Akifika miezi 15 ni kilo 4. Katika kila kundi la namna yenu ninaloliona, kipindi kirefu kati ya uzazi mmoja na mwingine ndicho kinachokula asilimia nyingi zaidi, kuliko mbegu na kuliko majani.

Na sababu zake hazihitaji kompyuta. Ng'ombe aliyefungwa kamba bondeni mchana kutwa, mbali na dume, anaingia joto usiku na kutoka kabla mtu hajamuona. Huyo hakukosa uwezo wa kushika mimba, kakosa mtu wa kumtazama. Wekeni zamu ya kupita asubuhi na jioni. Anayepandwa na wenzake na akatulia, apelekwe kwa dume siku hiyo hiyo au aitwe mtaalamu wa uhimilishaji. Kaskazi wanapokonda ndipo joto linapokata, kwa hiyo majani ya masika yaliyozidi yakaushwe na kuwekwa. Majani ya lukina na ya gliricidia yaongezwe kwa protini, lukina isizidi theluthi ya chakula kwa kuwa ina sumu yake. Na kupe waogeshwe bila kuruka wiki. Unguja wenzenu walipata nafasi ya kuingiza chotara kwa wingi baada ya mbung'o kumalizwa kwa kuachia madume ya mbung'o waliotasishwa, kisiwa kikatangazwa kuwa huru mwaka 1997. Pemba hamkuwa na mbung'o, lakini ndigana kali mnayo, na kila ndama anayekufa kwa ndigana ni gesi ya mimba nzima iliyopotea bure.

Mkutanoni usibishane na mshauri kuhusu 7.5. Mwambie ushirika unakubali lengo la asilimia 20 kwa masharti mawili, na yaandikwe ndani ya mkataba: nambari ya kuanzia ihesabiwe upya kwa ngazi ya pili kutoka kwenye daftari lenu la miezi 12, na modeli itakayotumika mwaka wa mwisho iwe ile ile ya mwaka wa kwanza, na nambari zake za kudumu zisibadilishwe. Asipotaka sharti la kwanza, msitie saini. Laha nitakutumia wiki hii. Safu ya kwanza ni jina la ng'ombe, ya pili ni tarehe aliyozaa mara ya mwisho. Jazeni hiyo ya pili kwanza, nyumba kwa nyumba, kabla hamjanunua utepe.